Barua Isiyo na Ng'ombe

Jumatatu, 14 Julai 1975
Nimekwenda Karatu kuchukua chaki za darasa langu la watu wazima. Ukungu. Baridi. Kiatu kimoja kimeachama. Nikaingia kunywa chai hotelini kwa Esta, yule mjane. Nikachungulia jikoni. Loo! Nikodemu, kiongozi wa kwaya yetu ya kijijini Buger, amejifunga kitenge cha Esta kiunoni, anaosha vikombe! Esta anamlisha andazi kwa mkono wake na kumwita "mume wangu". Na mke wake wa ndoa, Leonida, ni mwanafunzi wangu, hukaa benchi la mbele. Maskini mama wa watu. Nimerudi mbio. Chaki nimesahau.

Jumanne, 15 Julai
Nimwambie au nisimwambie? Ni wajibu wa Mkristo. Kwamba nimekuwa msaidizi wa Nikodemu kwenye kwaya miaka sita, na kwamba akianguka kifimbo cha kuongozea ni changu, hilo halihusiani kabisa. Nimemwuliza padri kwa mafumbo: ukimwona mbuzi wa mtu kwenye shamba la mwingine, useme? Akajibu, useme upesi. Kisha akataka kujua ni mbuzi yupi, maana mbuzi wake wawili wamepotea.

Jumatano, 16 Julai
Kumwambia usoni siwezi. Nikodemu ana viganja kama majembe. Nimeandika barua bila jina: "Mumeo yuko kwa Esta wa hoteli. Amekuwa mume wake. Anamwoshea vikombe. Ni mimi, akutakiaye mema." Nimeisukuma chini ya mlango Leonida akiwa kisimani. Kazi safi!

Alhamisi, 17 Julai
Balaa. Kuna jambo dogo nililisahau. Leonida hajui kusoma. Ndiyo maana yuko darasani kwangu! Amekuja na barua mkononi, uso unang'aa.

"Mwalimu, nisomee. Ni ya dada yangu Cresensia wa Mbulu, sivyo? Miaka miwili yuko kimya."

Darasa zima limenikodolea macho. Nikasoma kwamba dada ni mzima, anasalimu, na ng'ombe wake amezaa ndama jike mwenye baka jeupe usoni. Sijui ndama huyo alitoka wapi. Leonida akalia kwa furaha, akaenda kuniletea kibuyu cha maziwa mgando. Nimeyanywa yote. Matamu.

Jumatatu, 28 Julai
Leonida hana habari tena na kitabu. Kila siku anafunua barua ile, anaifuata kwa kidole. Leo nimefundisha herufi ng'. Akabaki wenzake walipoondoka.

"Mwalimu, namtafuta ng'ombe humu simwoni."

Nikasema watu wa Mbulu wanaandika kizamani, ng'ombe wao haonekani kwa urahisi. Nikaomba aniachie barua niitunze. Amekataa. Anaiweka kifuani.

Jumatano, 6 Agosti
Mtihani. Mkaguzi amefika na Landrova. Kwaya ikamwimbia, Nikodemu mbele, anapunga kifimbo kama mtu asiye na dhambi. Kila mwanafunzi akasoma ukurasa wa kitabu. Zamu ya Leonida, akaomba asome barua yake mwenyewe. Nikasema muda umekwisha. Mkaguzi akasema muda upo tele.

"Mu-me-o... yu-ko... kwa E-sta..."

Alianza kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Alipofika kwenye vikombe hakukata tena silabi. Alisoma moja kwa moja hadi mwisho.

Bibi mmoja nyuma akanong'ona: vikombe? Nikodemu huyu? Kifimbo kikaanguka sakafuni.

"Humu hamna ng'ombe," akasema Leonida taratibu. Akatazama ubaoni, nilikoandika Karibu Mkaguzi. Akatazama barua. Akanitazama mimi. "Hii k yenye mkia ni yako, Mwalimu."

Mkaguzi akaandika: amefaulu vizuri sana.

Alhamisi, 7 Agosti
Leonida alinipitia asubuhi. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Ungeniambia kwa mdomo, ningelia siku ileile. Wewe umenifanya wiki tatu nimshukuru Mungu kwa ndama asiyekuwepo. Sasa hata sijui kama dada yangu yu hai."

Akapanda lori la Mbulu kwenda kumtazama. Nikodemu alilifuata lori hadi njia panda akiomba msamaha. Leonida akamjibu kwamba masufuria yako jikoni. Mchana nimemwona anayasugua uani, mbele ya majirani.

Jumapili, 17 Agosti
Leonida amerudi. Dada ni mzima, ila amekasirika kuulizwa habari za ndama wakati hata ng'ombe hana. Baada ya misa padri akatangaza kwamba Nikodemu ameuacha uongozi wa kwaya. Nikakohoa. Nikanyoosha shati. Nikasimama. Padri akampa kifimbo Leonida! Sauti anayo, akasema, na sasa kitabu cha nyimbo anakisoma. Mimi msaidizi wake.

Jumanne, 19 Agosti
Nimejifunza, na sana. Leo nimemwona Hyasinta, mke wa rafiki yangu Josephati mwenye duka, akicheka na dereva wa lori la misheni. Meno yote nje. Josephati ana haki ya kujua. Ila kuandika kwa mkono, basi! Nimeazima taipureta ya ofisi ya kata. Buger nzima ipo hiyo moja tu. Nimetia sahihi kwa karani, nimeibeba kichwani kupita mbele ya duka, na Josephati mwenyewe akanishika mkono kuvuka mtaro.

Hakuna atakayejua.