Chai ya Siagi Imenivua Nguo Bhutan

Jamani watu wa Kasongo, leo nimeaibika mbele ya bibi wa watu. Someni, lakini msinitangaze.

Mnajua niko Bhutan, huko kwenye milima ya Himalaya. Tumeletwa wakulima wa mpunga kuona wenzetu wanavyoishi na kulima. Leo mchana nikaalikwa nyumbani kwa bibi mmoja. Mkongomani wa kwanza kuingia mle ni mimi. Nikaapa: leo watajua kwetu tunalelewa vizuri! Na asubuhi mama alikuwa amenipigia simu:

"Ile watakupatia, umalize yote. Usibakishe kitu mu kikombe. Watasema watu ya Kasongo hawana adabu."

"Ndiyo, mama."

Kwa heshima wakanivika gho, vazi lao la wanaume. Ni kama kanzu pana, inapandishwa hadi magotini na kukazwa kiunoni kwa mkanda. Mjukuu wa bibi alikaza mpaka nikakohoa. (Nilipendeza, msinibishie.)

Tukakaa chini. Bibi akamimina chai. Nikaonja: siagi na chumvi. Chumvi, jamani! Nikafumba macho, nikamaliza. Bibi akajaza. Nikamaliza. Akajaza. Kikombe cha sita, jasho. Cha nane, nikaanza kumwomba Mungu. Nikajiambia huyu bibi ananipima, na mimi sishindwi na bibi! Birika likakauka. Mjukuu akatoka mbio, akarudi na donge la siagi aliloazima kwa jirani.

Hapo nikamnong'oneza mwongozaji na mkalimani wetu, aliyekaa kando yangu:

"Ndugu, hii chai inaisha saa ngapi? Tumbo yangu inapasuka."

Akanishangaa. "Ukishiba, unaacha kikombe kimejaa. Ukikimaliza, unaomba kingine. Bibi anasema hajawahi kuona kiu kama yako."

Kiu yangu!

Nikainuka haraka kwenda chooni. Tumbo na mkanda vikagombana, tumbo likashinda. Mkanda ukafyatuka, gho ikafunguka mbele yote. Nikabaki nimesimama na bukta ya kuchezea mpira iliyotoboka pajani, mbele ya bibi, mjukuu, na jirani (alikuja kumwona anayemaliza siagi yake).

Kisha bibi akafunika mdomo kwa mkono, mabega yakatikisika mpaka machozi yakamtoka. Niliumia, sitaficha. Nilitaka kuwaonyesha adabu, nimewaonyesha mapaja.

Bibi mwenyewe akanifunga mkanda upya, kama anamvalisha mtoto wa shule. Safari hii aliulegeza. Halafu akanijazia kikombe. Nikakitazama tu. Sikukigusa, na wote wakapiga makofi.

Atakayecheka nitamjua. Nikirudi Kasongo nitamtembelea kwake, na chochote atakachoniandalia nitakimaliza.