Sahani Zilizolala

Jumatatu, 3 Machi

Ijumaa wageni wakubwa wanakuja kutazama maabara yetu, na mtu mmoja tu atasimama kuwaeleza kazi. Nani mwingine kama si mimi? Mama mkwe, ambaye amehamia kwetu kwa “siku chache”, nimeshamwambia ni mimi. Majirani wote amewaambia binti yake aliolewa na muosha chupa. Ijumaa nitamkalisha mbele ameze maneno yake moja moja.

Kikao cha asubuhi sikwenda. Nilikuwa napiga pasi koti jeupe. Vikao ni vya wasiojua kazi.

Baadaye nikakuta mezani sahani yangu ya seli, na pembeni yake sahani ya Miwani, kama ninavyomwita mwenzangu kwa bahati mbaya. Zote zimepandikizwa jeni ile ile, ya kutoa mwanga wa kijani. Nikachungulia kwenye hadubini. Za Miwani zinawaka kama duka la simu. Zangu giza totoro. Mkuu wa maabara naye akachungulia zangu, akatabasamu, akasema hizi zimelala. Zimelala! Kama mchuzi wa jana. Nimepewa viporo, na bosi anacheka.

Jumanne, 4 Machi

Miwani ni mtu anayepangusa miwani kabla ya kuitikia salamu. Mtu wa namna hiyo asimame mbele ya wageni? Alipokwenda kula nikabandua lebo zetu na kuzibadilisha. Sasa zinazowaka ni zangu. Kazi ya dakika moja, akili ya miaka mingi.

Jioni nikamfanyia mama mkwe mazoezi ya hotuba. Nikamwambia uzi wa DNA ni mrefu kupita kiasi, kwa hiyo ndani ya seli umezungushwa kwenye gololi ndogo za protini. Ukibanwa sana, jeni ipo lakini haisomeki, inanyamaza. Ukilegezwa, jeni inafanya kazi. Nikampa mfano wa sanduku lake: lile gauni la zambarau lililoshindiliwa chini kabisa analo, lakini halivai kwa sababu halifikii. Nilijisikia fahari. Yeye akauliza ni nani aliyefungua sanduku lake.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Mkuu katuita wote wawili. Kasema msemaji wa Ijumaa ni mwenye seli zilizolala, kama alivyoeleza Jumatatu kikaoni. Jeni ya zile seli imeangukia mahali uzi ulipobanwa, ndiyo maana ziko gizani. Kesho jioni zitatiwa dawa ya kulegeza uzi, Ijumaa wageni waone giza limegeuka mwanga. Zile zinazowaka tangu mwanzo hazina cha kumwonyesha mtu. Ni za kulinganishia tu.

Akasoma lebo. Zilizolala ni za Miwani. Miwani akapangusa miwani, akasema ajabu, juzi zake zilikuwa zinawaka. Mkuu akanitazama mimi. Nikainama kutafuta kalamu ambayo haikuanguka.

Ningezirudisha lebo, lakini Miwani kafungia sahani yake kabatini na ufunguo kautia mfukoni. Mtu asiyewaamini wenzake ni mtu wa ovyo sana.

Nikamwambia Mkuu zangu nazo zitalala, zilichelewa tu kusinzia. Akakubali: zikiwa na giza kesho, Ijumaa nitawaonyesha wageni zangu kwanza, kabla ya Miwani. Kwa hiyo bado nipo. Kinachohitajika ni kuubana uzi, na kila mtu anajua baridi hubana. Mimi mwenyewe nikioga maji baridi nabanika. Nimeiingiza sahani kwenye friza, chini kabisa, chini ya barafu.

Alhamisi, 6 Machi

Giza safi! Hata chembe ya kijani hakuna. Mkuu akauliza nimezifanya nini. Nikasema nimezitafutia utulivu. Dawa ikatiwa, yangu na ya Miwani. Nimempa mama mkwe mwaliko wenye muhuri. Akausoma kichwa chini miguu juu, nadhani kwa makusudi.

Ijumaa, 7 Machi

Nilizungumza vizuri, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Uzi, gololi, sanduku. Wageni wakatikisa vichwa kukubali. Nikawakaribisha kwenye hadubini waone jeni zilizoamka. Wa kwanza akachungulia, akapangusa lenzi. Wa pili akauliza kama taa imewashwa. Kisha mama mkwe akanyanyuka bila kuitwa, akachungulia kwa jicho moja, akaniambia kwa upole, mbele ya watu wote, kwamba mwanangu, hizi hazijalala, zimekufa.

Miwani akaleta za kwake. Kijani tupu, wageni wakapiga makofi. Mama mkwe naye akapiga, mikono yote miwili, akamwuliza kijana huyo kama ameoa. Nilimkumbusha kwamba hana binti mwingine. Akasema anajua.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefikiri kwa kina Jumamosi na Jumapili, na kosa nimelijua. Friza. Friza ya maabara hii haifai, nimeisema siku nyingi. Mama mkwe simhesabu, yule hata akiona jua atauliza limewashwa na nani.

Leo tumegawiwa seli mpya, wanakuja wageni wengine. Za Miwani zinawaka. Zangu zimelala. Eti Mkuu ameita kikao kueleza safari hii anatafuta nini. Wamekwenda wote, maabara ilikuwa tupu, nafasi haiji mara mbili. Lebo nimeshazibadilisha. Wageni wapya bila shaka watataka mwanga, kwa hiyo zinazowaka naondoka nazo tena mimi, na yule Miwani kwa ujinga wake lazima atazing'ang'ania zilizolala.