Vita vya Benchi la Kimbo na Fomu Thelathini

Sikilizeni, enyi watu wa Thika na Ruiru! Nanyi mlioko Githurai 45 mkigombania nyanya, nanyi wa Gatuanyaga mnaomeza vumbi nyuma ya mbuzi zenu, tegeni masikio, zimeni redio, mbembelezeni mtoto anayelia. Nawaletea habari ya tendo kuu lililotendeka mwezi wa Juni, mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na sita, tendo lililoitikisa Kimbo kutoka kituo cha matatu hadi kinu cha posho, tendo ambalo majemadari wa kale, laiti wangaliliona, wangalivua kofia zao za chuma na kulia kama watoto wachanga.

Benchi lilihamishwa.

Naam, benchi. La mbao. Kutoka mbele ya nyumba hadi nyuma ya nyumba hiyo hiyo, hatua kumi na tisa. Anayetaka kuondoka aondoke sasa, sitamshika shati.

Mimi niandikaye naitwa Jeconia, jina la mfalme wa Yuda aliyetawala miezi mitatu tu kisha akachukuliwa mateka. Nadhani wazazi wangu walilipenda jina kabla ya kufika mwisho wa sura. Nasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni ambayo sitaitaja, kwa heshima yake na kwa usalama wangu. Mwezi huo, kwa ushujaa usioeleweka na wakubwa, nilipiga kengele ya chakula cha mchana saa nne asubuhi. Wavulana mia sita walimiminika bwaloni na sahani zao, wapishi wakajifungia stoo, na mwalimu mkuu akanipa majuma mawili ya kutafakari nyumbani. Baba hakutaka kuniona nikitafakari mbele yake. Akanipeleka Kimbo kwa dada yake, Anti Selpha.

Selpha! Mshika sindano asiyetetemeka, ngao ya waliochoka, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu! Alikuwa muuguzi wa kliniki ya vyumba viwili, ambako kila Jumanne na Ijumaa walikuja watu wanaosumbuliwa na akili na wale wanaopigana na pombe. Walichukua dawa, wakaongea naye, wakaenda zao nyumbani. Kliniki ilikuwa ya shirika moja lenye ofisi mjini Thika, na ofisi hiyo ilikuwa imeanza kuiangalia kwa jicho baya.

"Mwaka jana walikuwa arobaini," Anti aliniambia Jumatatu. "Sasa ni kumi na tisa. Thika wanasema watu wa Kimbo hawatutaki. Ijumaa Bi Farhiya anakuja. Nikikosa kumwonyesha ni kwa nini watu wanapotea, anafunga hapa, waambiwe wote waende Thika. Na hawataenda, Jeco. Nawajua. Wataacha dawa wakae tu."

Akanipa fomu thelathini za maoni. Zilikuwa na maswali matatu: umehudumiwaje, ni nini kinakusumbua hapa, ungetaka tubadilishe nini.

"Uliza wanaokuja. Wale wameacha, uwatafute kwao. Mimi hawawezi kuniambia ukweli, nawadunga sindano. Na usiniletee sifa tu, nataka makosa yetu."

Nikaweka mkono kifuani. "Anti, wino utakauka kabla ya ari yangu."

"Chukua peni mbili basi," akasema.

Kukapambazuka Jumanne. Nikatoka na silaha zangu, peni kulia, fomu kushoto, nikasimama mbele ya benchi la wagonjwa kama jemadari akikagua jeshi. Benchi lilikuwa nje, limeegemea ukuta wa mbele, likitazamana na kituo cha matatu. Watu sita walikuwa wameketi, kofia zimeshushwa, leso zimevutwa mbele.

"Enyi mashujaa wa benchi!" nikanguruma. "Nimetumwa kukusanya sauti zenu! Semeni bila hofu, nami nitaziandika, na vizazi vijavyo vitazisoma!"

Dada mmoja aliyeitwa Nyawira, muuza sukuma wiki ambaye mwaka uliotangulia hakulala siku tisa mfululizo, akamgeukia jirani yake. "Huyu anahubiri ama anauza dawa ya panya?"

Jeshi likacheka. Jemadari akashuka cheo hapo hapo.

Jirani yake alikuwa Gerishon, fundi wa mashine za kiwanda cha nguo, mtu mkubwa mwenye mikono kama makoleo, miezi saba bila kuonja pombe. Nikamsomea maswali.

"Andika ni sawa," akasema.

"Yote matatu?"

"Yote. Sista Selpha ametutoa mbali. Mtu akikutoa kwa mtaro, utaanza kumwambia alikuvuta vibaya?"

"Lakini lazima kuna kitu kinachokusumbua."

Akanitazama tangu viatu hadi kofia. "Wewe umewahi kukaa hapa?"

"Mimi? Hapana. Mimi nakusanya maoni."

"Basi andika ni sawa."

Wote wakasema ni sawa. Ni poa. Tunashukuru Mungu. Hadi jioni nilikuwa na fomu kumi na tisa zenye "sawa" hamsini na saba. Waliosalia walipaswa kutafutwa majumbani, na Jumatano jua lilikuwa kali sana. Hapa, wapendwa, historia inaingia katika ukurasa wake wa giza, nami nitaupitia mbio.

Anti alipoenda sokoni, niliketi mezani kwake, nikazichana fomu zote za "sawa", nikachukua thelathini mpya kabatini na kuwaumba wagonjwa thelathini kwa peni yangu. Wengine niliwaandikia kwa mkono wa kulia, wengine kwa wa kushoto, wengine kwa herufi zilizolala kama mahindi baada ya mvua. Anti alitaka makosa? Nilimpa makosa. Niliyajua malalamiko yote ambayo moyo wa binadamu unaweza kuyabeba, kwa kuwa nimeyabeba mwenyewe miaka mitatu. Yalitiririka. Jioni nikamkabidhi bahasha iliyofungwa kwa gundi, nikala chapati nne kama mtu aliyezifanyia kazi.

Ijumaa saa tatu akafika Bi Farhiya kutoka Thika, mama mpole wa buibui nyeusi na miwani ya kusomea, aliyeongea polepole, jambo ambalo sasa najua ni la kuogopwa. Akafungua bahasha mbele yetu. Akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Sista Selpha, wagonjwa wenu hulala hapa?"

"Hapana. Hatuna hata kitanda."

"Mnawapikia?"

"Hata chai hatuna."

"Kwa sababu huyu anasema githeri ina wadudu. Huyu anasema blanketi ni nyembamba na taa zinazimwa mapema. Huyu anasema viranja wana mapendeleo." Akageuza ukurasa kwa utulivu wa kutisha. "Na mgonjwa wa ishirini na mbili anaomba likizo ya katikati ya muhula."

Anti Selpha alinigeukia. "Jeconia," akasema, jina zima, na nikajua miezi mitatu ya utawala wangu imekwisha siku ya nne.

Nilikuwa na hotuba. Ilikuwa na wino, dhoruba na udhaifu wa mwanadamu. Nilipofungua kinywa, yakatoka maneno mawili tu: "Ni mimi."

Bi Farhiya hakufoka. Alizikusanya fomu, akazigongesha mezani zikalingana. "Basi sina chochote cha kupeleka ofisini. Nitamaliza kukagua madaftari saa saba. Baada ya hapo itabidi niandike kile nilichokiona, watu wamepungua na hakuna sababu."

Niliuona uso wa Anti. Sijawahi kuuona hivyo, hata nilipochoma pazia lake nikiwa na miaka saba. Hakunipiga. Alininyooshea kidole mlangoni.

"Nenda ukae kwa benchi. Si kusimama, Jeco. Ukae."

Nikakaa, kati ya Gerishon na Nyawira. Na enyi wasikilizaji, nimesimama mbele ya mwalimu mkuu na fimbo mkononi mwake, nimevuka mto uliofurika nikiwa na chupi tu, lakini sijawahi kukaa mahali pa hatari kama pale. Matatu ilifunga breki mbele yetu na makanga akaning'inia mlangoni, akiibatiza kliniki upya.

"Kwa Vichwa! Wa kushuka Kwa Vichwa! Angalia hao, leo wako na kijana! Mdogo hivyo na waya zimeshakatika!"

Gari zima likageuka. Nikaivuta kofia hadi puani. Na katika walioshuka, kwa mpango wa maadui zangu wote wa duniani na angani, akashuka Mitchell wa kwaya ya vijana ya kanisa la Anti, ambaye kwa ajili yake nilikuwa nimejifunza kuimba sauti ya tatu likizo iliyopita. Akaniona. Akaangalia kibao cha kliniki. Akaniangalia tena.

"Jeconia? Woi. Pole."

Pole! Afadhali angenitupia jiwe.

"Mimi si mgonjwa!" nikapiga kelele. "Mimi si mmoja wao! Nakusanya tu maoni!"

Mitchell akaenda zake haraka. Nikaisikia sauti yangu ikirudi kutoka ukuta wa upande wa pili, na nikasikia jinsi benchi lilivyonyamaza. Nyawira alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Samahani," nikasema.

Gerishon akakohoa. "Unaona? Na wewe umekaa dakika kumi." Akayasugua yale makoleo yake. "Niko na dada yangu, Waithira. Anafunza watoto wa nasari hapo juu. Husikia sauti. Sindano ilikuwa imezinyamazisha. Jumanne tatu amekuja hadi pale kwa kioski, akaona hii benchi, akaona wazazi wa watoto wake wakishuka gari, akarudi. Sauti zimeanza tena. Juzi alikataa kula, anasema nimemwekea sumu. Mimi."

"Kwa nini hukusema Jumanne?"

"Ningemwambia Sista benchi yake ni mbaya? Aliiomba kanisani yeye mwenyewe, wakaibeba kwa mkokoteni hadi hapa."

"Sasa naweza kuandika?"

"Andika kama vile nimesema. Usiongeze."

Hiyo ndiyo fomu ya kwanza ya kweli niliyowahi kuijaza, na haina hata sifa moja ya kishujaa. Nyawira akasema yake, na wengine wakaja mmoja mmoja. Wote walisema benchi. Saa saba kasoro tano nilikuwa na fomu kumi na moja. Bi Farhiya alizisoma zote akiwa amesimama, kisha akatoka nje, akaketi kwenye benchi mwenyewe na buibui yake, akangoja matatu moja ipite. Aliporudi alikuwa amebana midomo.

"Hamisheni leo," akasema. "Nitarudi mwisho wa mwezi ujao kuhesabu watu. Hadi hapo sifungi."

Ndipo vita kuu vikaanza! Kwa maana benchi lilikuwa refu na korido ilikuwa nyembamba, na katikati likakwama kama tembo ndani ya gunia. Mbao zililia, plasta ikaanguka, jasho likamwagika. Ndipo mimi, Jeconia, nikajitosa, nikaushika upande mzito, nikanguruma mara moja, na benchi likapita, likatua uani kando ya tangi la maji, mbele ya geti dogo la nyuma ambalo hakuna makanga aliyewahi kuliona.

Jumanne iliyofuata, saa nne, geti hilo lilifunguka kidogo. Mwanamke mwembamba akachungulia, na Gerishon nyuma yake hatua tatu, asimsukume. Alilitazama benchi muda mrefu. Kisha akaketi pembeni kabisa. Mimi nilijifanya nasoma ukuta.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa, na yatakumbukwa milele...

Lakini Anti Selpha amesimama nyuma yangu na kikombe chake. Aliniagiza barua ya kuomba msamaha kwa ajili ya zile fomu, ukurasa mmoja, na amekuwa akisoma begani kwangu tangu aya ya benchi kukwama.

"Nani alishika upande mzito?" ameuliza.

Nimeiangalia peni.

Basi iandikwe. Benchi lilibebwa na Gerishon upande mmoja na Nyawira upande wa pili. Mimi nilishika mlango.

"Jeco."

Mlango ulikuwa umeshikwa na jiwe.