Wiki Mbili na Ua la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Mama mkwe kasafiri leo. Mke wa mwanawe wa mwisho kajifungua, naye kaenda kulea mzazi. Wiki mbili.

Kabla ya kuondoka alinikabidhi ua lake mbele ya nyumba nzima. Si ua la kununua. Ni la mwituni, jekundu lenye kingo za njano, na ncha za majani yake hujikunja kama vidole na kuishika fimbo iliyochomekwa chunguni mwake. Marehemu baba mkwe alilichimba mlimani kabla hawajaoana, akaliteremsha ndani ya kofia yake. Kila mwaka linarudi lenyewe. Huu ni mwaka wa thelathini na moja. Mama mkwe analiita Mwenzangu na kila asubuhi hulisalimia kabla yetu.

Si jambo dogo hili. Chumba cha mbele, chenye mlango wa barabarani, kiko wazi tangu fundi cherehani ahame. Mimi nachonga mihuri ya mpira kwenye kibaraza cha posta, na kibaraza kinafungwa mwisho wa mwezi. Bila chumba kile nitachongea kitandani. Kinyozi naye anakitaka. Huyu ni mwanyumba wangu: kaoa dada wa mke wangu, wanakaa chumba cha pili, ananyoa watu uani chini ya bati. Nywele za mji mzima zimeshapita kwenye chai yangu.

Mama mkwe akirudi ndipo ataamua. Na ua kanipa mimi, si yeye. Mwenye akili keshaelewa.

Alitoa maelekezo marefu. Niliitikia yote, naam mama, naam mama. Macho yalikuwa kwenye mlango wa chumba cha mbele, napima kama meza yangu itapita. Nilisikia akikataza kama mara sita. Kakataza nini, sikushika.

Lakini meza itapita.

Jumanne, 4 Juni

Majani yana unjano. Jana ncha mbili, leo nusu ya mmea! Ukipewa kitu kizima kikakufia siku ya pili, nani atakuamini na chumba?

Nimemwagia majagi mawili ya maji. Kinyozi akapita na taulo begani, akasimama, akanipa pole ya mgonjwa. Nikamwambia hiyo ndiyo rangi yake. Akasema kweli, hata maiti ana rangi yake.

Nimemwagia jagi la tatu.

Alhamisi, 6 Juni

Unjano umefika shinani. Maji asubuhi, maji mchana, maji jioni. Udongo sasa unatoa sauti ukiubonyeza.

Muuza mayai kanishauri mbolea ya kuku, akanipa mfuko mzima bure. Nilipoufungua nikaelewa kwa nini bure. Nimelihamishia ua chumbani kwetu, Kinyozi asilione. Mke wangu akauliza harufu gani hii. Nikamwambia ni ya kitaalamu. Akasema mbona mama alisema ua hili likianza kuwa njano... Nikamkatiza. Nikamwambia mtu aliyekabidhiwa hakumbushwi, anaachiwa nafasi. Akasema haya, nafasi hiyo hapo, akachukua mto wake akaenda kulala kwa dada yake.

Jumamosi, 8 Juni

Limekufa.

Shina limebaki mkononi mwangu, laini kama tambi iliyopikwa. Nikachimba kwa kijiko. Chini kulikuwa na kiazi kimoja kirefu, kimepinda kama kiwiko cha mtu aliyejilaza ubavu. Kimelowa, kimepauka. Nimekipiga piga kidogo. Hakikuitikia.

Miaka thelathini na moja kwa mwanamke mmoja mjane, siku tano kwangu. Nimekaa sakafuni karibu saa nzima. Nilimfikiria marehemu akiteremka mlimani kichwa wazi, juani, kofia kaishika kwa mikono miwili. Mimi hata jagi silishiki hivyo.

Nikakifunga kiazi kwenye gazeti, nikakitupa jalalani nyuma ya banda la Kinyozi, zinakotupwa nywele. Nilitaka kusema neno la kuaga. Nikakumbuka tu muhuri niliochonga juzi wa ofisi moja ya mikopo: IMEKATALIWA.

Jumapili, 9 Juni

Kukata tamaa ni kwa wasio na mipango.

Kwenye uzio wa zahanati ipo mimea ya aina ileile, na mmoja umechanua. Uko chini ya bomba linalovuja, kwa hiyo haujui kiu wala kiangazi. Ua ni ua. Mama mkwe ana miaka sitini na miwani yake ina ufa.

Ila huwezi kuingia zahanati bila ugonjwa. Nikajifanya nina kikohozi. Nikakaa foleni kati ya watu watatu wanaokohoa kikweli. Muuguzi akanisikiliza kifua, akanitazama usoni, akasema kikohozi hiki kinatoka mdomoni tu. Hata hivyo akanipa dawa ya maji, chupa nzima, akanisindikiza mpaka getini.

Nimerudi na dawa. Ua limebaki kule.

Jumatano, 12 Juni

Leo nilikwenda na kisu changu cha kuchongea, ndoo, na karatasi. Nilikuwa nimeshachimba nusu mlinzi alipotokea akauliza kibali. Nikamwonyesha karatasi. Ina muhuri mkubwa wa duara, IMEIDHINISHWA, kazi ya mkono wangu, herufi zimesimama kama askari. Mlinzi akausoma muhuri kwa heshima. Karatasi yenyewe hakuisoma. Ilikuwa orodha ya sabuni na chumvi.

Akanishikia ndoo.

Katika maisha yangu hili ndilo jambo la kwanza kwenda nilivyolipanga. Sijui hata nifanyeje na furaha. Nimeanza kukohoa.

Ijumaa, 14 Juni

Liko chunguni, kwenye chungu kilekile, fimbo ileile. Maua matatu mekundu, yamejipindua nyuma kama moto unaopigwa na upepo. Hata la zamani halikuwahi kuwa hivi. Nimejiuliza kama marehemu alichagua vizuri.

Mke wangu kalitazama muda mrefu. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia uhakika wote. Akasema sawa mume wangu, kwa ile sauti ambayo mama zetu walitumia walipotuacha tuguse jiko wenyewe.

Kinyozi naye kaja kutazama, wembe mkononi, mteja kamwacha nusu kichwa. Akasema hongera mwanyumba, una mkono wa baraka. Hakuwa na sura ya mtu aliyeshindwa, na hilo halikunipendeza. Kwenye rafu yake, kando ya chupa ya spiriti, niliona kopo kuukuu la maziwa limejaa mchanga mkavu. Nikauliza ni la nini. Akasema la usingizi.

Namhurumia. Upweke wa chini ya bati umemfika kichwani.

Jumapili, 16 Juni

Mama mkwe karudi saa nne asubuhi.

Nililiweka ua palepale atakapoteremka, nikasimama pembeni yake na shati safi. Akalizunguka mara moja. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaniuliza kwa upole: baba, huyu ni nani?

Nikasema ni Mwenzangu, mama.

Akasema Mwenzangu mimi mwezi huu amelala. Akiona kiangazi kinakuja anaacha majani yageuke njano, anakauka juu, anaingia chini, anapumzika mpaka mvua. Hapewi maji. Hapewi mbolea. Hahamishwi, hafukuliwi, haamshwi. Akasema ndiyo niliyokueleza hapa hapa, na ukasema naam. Sasa huyu aliye macho katoka wapi?

Nikakohoa. Kikohozi sasa ni cha kweli.

Nikaeleza. Si yote. Yaliyobaki akayaeleza shemeji yangu, mke wa Kinyozi, bila kuombwa. Mama mkwe akakaa kizingitini. Hakulia, na afadhali angelia. Alisema tu kwamba kati ya vyote alivyomwachia marehemu, hicho ndicho peke yake kilichokuwa bado kinarudi.

Sikuwa na pa kutazama. Niliangalia viatu vyangu. Hata vyenyewe viliangaliana.

Ndipo Kinyozi akaja na kopo lake. Akapukutisha mchanga mbele ya mama mkwe. Kiazi. Kikavu, kizima, kimepinda vilevile kama kiwiko. Akasema Jumamosi ile aliniona nikizika gazeti kwenye nywele zake, akafungua kuona kama ni pesa. Maelekezo yote aliyasikia siku ya safari akiwa ananyoa. Nyumba nzima iliyasikia, kumbe. Mama mkwe akamuuliza alikifanyia nini. Akasema hakuna, mama. Nilikifuta, nikakiweka pale, nikanyoa watu.

Hakufanya kitu! Wiki nzima! Mimi nimelaumiwa tangu utotoni kwa kutofanya kitu. Walimu, wazazi, mke, wote mashahidi. Siku moja tu kipaji hicho kilipohitajika, nikajituma.

Jumatatu, 17 Juni

Chumba cha mbele kapewa Kinyozi. Kashaingiza kiti chake. Kiti kimepita mlangoni na nafasi ikabaki.

Ua la bomba mama mkwe kaamuru nilirudishe. Nikalirudisha. Mlinzi akaomba tena karatasi, safari hii akaigeuza upande wa pili. Sitaki kuandika yaliyofuata.

Jioni mama mkwe akaniita. Nilidhani nafukuzwa. Alikuwa na kile kiazi mapajani. Akakivunja pale kwenye kiwiko, ta! Moyo wangu ulivunjika nacho. Akasema ndivyo kinavyogawanywa, kila upande una jicho lake la kuchipulia. Upande mmoja akauweka kwenye chungu chake. Wa pili akanipa mimi, ndani ya kopo la Kinyozi, na mchanga mkavu.

Akasema marehemu naye aliua cha kwanza, ndiyo maana alipanda mlima mara mbili. Sikujua.

Akasema mvua ikija na hiki kikachipua, kona ya dirishani katika chumba cha mbele ni yangu, meza yangu itakaa pale. Kinyozi keshakubali, mradi nisilalamikie nywele. Kisichipue, nitachongea ninapojua. Na hadi hapo kazi yangu ni moja: nisifanye kitu. Mke wangu akanifanya niirudie sentensi hiyo mara tatu, mkono kiunoni. Safari hii nimesikiliza kila neno.

Nimechonga muhuri mpya, USIGUSE, nikalipiga kopo pande zote nne.

Jumatano, 19 Juni

Siku mbili nzima sijafanya kitu. Nani angeamini? Nakaa mkabala na kopo, mikono nimeikalia. Mwisho wa mwezi bado siku kumi na moja, mvua bado miezi. Kibarazani wameshaanza kukwangua rangi ya zamani, vumbi linaingia kwenye wino wangu.

Lakini kuna jambo moja linanisumbua. Mama mkwe alisema nisikifanyie kitu. Hakusema nisijue hali yake. Mtu akilala muda mrefu, ndugu huchungulia.

Nimechungulia kwa kijiko cha chai. Kidogo tu. Kipo, na kwenye jicho kuna kidoti cheupe, hai kabisa. Nilifurahi nikainama nikione vizuri, kijiko kikakigusa. Si sana. Nimekirudisha taratibu, jicho nimeligeuzia juu ili lisipate shida ya kutafuta njia. Nikapiga muhuri upya palipofutika.

Nimekipa nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, maana hata aliyelala hukauka koo. Na matone matatu ya dawa ya kikohozi, kwa tahadhari.

Kesho nitakiangalia asubuhi na jioni, kisijione kimetupwa.