Kondoo Mia Mbili wa Rejeo Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Kama ubongo ungepimwa kwa mizani, wangu ungehitaji ile ya magunia. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha. Leo hata dada yangu, daktari mzima wa wodi ya watoto walioungua, kanipigia magoti. (Sawa, hakupiga magoti. Alisema, "We mvivu, njoo hapa.")

Kaandika makala ya utafiti. Mhariri wa jarida kamwambia ahakikishe kila rejeo linasema kweli kile anachodai linasema. Marejeo arobaini! Mwisho Ijumaa saa sita mchana, la sivyo miaka miwili ya jasho lake inarudi kabatini. Yeye yuko zamu mfululizo. Kwa hiyo mimi nifungue kila makala aliyoitaja, nisome, nilinganishe, niweke alama ya vema.

Binamu Miwani, yule wa chuo, kaomba kusaidia. Nimemfukuza. Sifa hizi ni zangu peke yangu.

Jumanne, 4 Machi

Kusoma makala arobaini? Mimi? Nimebuni mbinu. Naitafuta sentensi ya dada mtandaoni. Nikikuta makala nyingine tatu zinasema vilevile, vema! Watu watatu wasiojuana watadanganyaje uongo mmoja?

Kufika mchana, vema arobaini. Namba kumi na saba ndiyo ilinifurahisha zaidi: wagonjwa mia mbili walioungua walipakwa marhamu fulani, wakapona kwa siku kumi na mbili. Makala tatu zimesema hivyo neno kwa neno. Neno kwa neno! Ushahidi gani tena?

Dada kauliza kama nimezifungua zote. Nikamwambia, moja moja, dada yangu. Kanitazama usoni, kashusha pumzi, kaenda kulala. Kazi nyepesi hii.

Alhamisi, 6 Machi

Miwani kaja kuniharibia siku. Kaichungulia orodha, kasema namba kumi na saba ina miaka thelathini, mtandaoni haipo, iko kwenye karatasi tu, maktaba ya chuo cha udaktari. Kisha akauliza, "Haya, bwana mkubwa, jalada lake rangi gani?"

Kijani, nikasema. Kacheka mpaka miwani ikamdondoka.

Kesho asubuhi naenda kuliona hilo jalada. Jalada tu. Nisome ndani nina wazimu?

Ijumaa, 7 Machi

Jekundu! Mama wa maktaba kanishushia buku zito lenye vumbi, kanionya nisilambe kidole nikifunua kurasa. Sikutaka kufunua. Likafunguka lenyewe, penye picha.

Kondoo. Kanyolewa ubavu mmoja, kapakwa dawa, ananitazama kama mwalimu wa zamu. Nikasoma chini ya picha. Nikasoma tena. Wale mia mbili walikuwa kondoo! Wa kwanza kuwanukuu kawaita wagonjwa, wa pili kamnakili wa kwanza, wa tatu kamnakili wa pili, na mimi nikawapigia wote vema. Dada alikuwa anawashauri madaktari wawapake watoto dawa iliyojaribiwa kwenye sufu.

Saa tano na nusu. Napiga simu ya dada, haipokelewi. Nikaupiga picha ukurasa, nikatoka mbio. Mlinzi wa hospitali kaniuliza naumwa nini. Nikamwambia kondoo. Kanipisha.

Nikaingia chumba cha madaktari nikipiga kelele, "Dada, usitume! Kondoo!" Watu wazima sita wakageuka. Muuguzi mmoja kainua miguu juu ya kiti.

Hakuwa ametuma! Makala yote tayari, kilichomchelewesha ni mstari mmoja wa mwisho: alikuwa anatafuta maneno ya kunishukuru mimi. Mungu mkubwa. Nikakaa chini sakafuni.

Kasoma ile picha, kaifuta sentensi. Kumbe makala inasimama bila hiyo. Watoto aliowatibu mwenyewe wanatosha. Kaituma saa sita kasoro dakika nne. Tukacheka mpaka tukalia. Nimelala mpaka jioni kama mtoto aliyenyonya.

Jumapili, 9 Machi

Mtaa mzima unajua nani kaokoa makala. Miwani nimemsalimia kwa "Beee!" Kaninunia.

Daktari wa meno, rafiki wa dada, kasikia sifa zangu, kaniletea marejeo tisini ya kwake. Tisini! Mbinu nimeiboresha: sasa nitadai makala nne zinazokubaliana, sio tatu. Nimeshaweka vema thelathini, na chai haijapoa.

Dada kapita, kauliza kama hizi nimezifungua. Nikamwambia, moja moja, dada yangu.

Safari hii hakunitazama usoni. Kavuta kiti, kaichukua orodha ya daktari wa meno mkononi mwangu, kaanza kufungua namba moja mwenyewe. Makala imepona, watoto wamepona. Imani yake kwangu tu ndiyo niliyoivunja, na sijui inapakwa marhamu gani.