Mgonjwa wa Kukodi

Bwana Msaada alikuwa na pua ya kunusa shida za watu. Kila asubuhi aliketi kwenye ngazi za ofisi ya akiba ya uzeeni, suti imenyooka, akiwasubiri wafanyakazi watoke wamenuna. Siku hiyo akatoka Vifungo, aliyeshona vifungo kiwandani miaka ishirini.

"Wamekukatalia, eti?"

"Wanasema nisubiri uzee! Upepo umeng'oa paa langu, kaka, watoto wanalala chini ya turubai. Huo uzee nitaufikia nikiwa nimelowa hivi?"

"Pole, ndugu yangu. Sheria inamlipa mapema asiyejiweza. Ila uso wako huo hauwezi uongo. Picha ya kitambulisho chako imefutika, basi nitaingia mimi kwa jina lako, niugue kitaalamu. Wewe uwe mdogo wangu. Nusu kwa nusu."

Nusu! Miaka kumi ya vifungo! Vifungo akaomba siku moja aisome fomu kwanza.

"Soma tu," Msaada akacheka. "Mimi niko kwenye kazi hii miaka yote, sijawahi kuisoma."

Kesho yake, mbele ya daktari na karani wa ofisi ile, Msaada aliugua, na haki ya Mungu aliugua vizuri. Alitetemeka, akatokwa na udenda, akaiamkia feni shikamoo, akaikumbatia kalamu ya daktari akiililia kama marehemu shangazi yake. Daktari naye akafuta machozi, akaandika: akili imeyumba, hajiwezi.

"Haya, hela zangu," Msaada akanyoosha mkono.

"Anayesimamia ni ndugu yako," karani akasema. "Imeandikwa nyuma ya fomu. Aliyeyumba akili hakabidhiwi fedha. Leo tunalipia mabati aliyoyaomba, moja kwa moja dukani. Zilizobaki zinakusubiri uzeeni."

Msaada akaruka. "Mimi mzima! Wala siyo Vifungo! Mimi tapeli, ulizeni mji mzima!"

"Maskini," daktari akanong'ona, akaongeza kwenye faili: anajidhania tapeli.

"Huwa anaanza hivyo hivyo," Vifungo akasema kwa uchungu, akimpangusa udenda. "Twende nyumbani, kaka."

"Tutapita kila Ijumaa," karani akawaambia. "Tukimkosa, tunamtafuta tumpeleke wodini. Tukimkuta mzima, tunaita polisi."

Ijumaa karani alimkuta mgonjwa ameshika ngazi kwa mikono miwili, Vifungo yuko juu anagongelea bati la mwisho. Watoto walikuwa ndani, pakavu.

"Anaendeleaje?"

Msaada akafungua mdomo ajieleze. Akawakumbuka polisi. Akaiinamia ngazi kwa adabu zote.

"Shikamoo, shangazi."