Wimbo wa Dunia Nzima Ulitoka Jikoni Kwetu

Jumanne, 17 Desemba 1968. Kosele.

Hakuna anayejua ila wewe, kitabu. Wimbo wa Dunia Nzima, ambao Mwalimu Cephas anawaambia watu umetoka ng'ambo kwenye mkutano wa mataifa yote, haukutoka ng'ambo. Ulitoka jikoni kwetu. Niliutunga nikichambua mboga. Mimi, Phelesia, ambaye shuleni nilikuwa nashindwa hata kuitika jina langu likiitwa.

Nieleze vizuri. Siku ya Mwaka Mpya kwaya zote zitakutana Homa Bay. Kila kwaya ilete wimbo mmoja wa kuisifu dunia, na watu wake wote kuwa kitu kimoja. Jumamosi, kwenye mazoezi ya kwaya yetu, Mwalimu aliuliza nani ana wimbo.  Priscah, anayetuanzishia nyimbo, mwenye sauti ya kuita mtu aliye kisiwani, akaleta wimbo wa mavuno. Mwalimu akasema mavuno si dunia. Nikasikia mtu anasema upo wimbo, ameusikia kwenye redio ya baba yake. Kumbe mtu huyo ni mimi!

Ningesema nimeutunga, wangecheka hadi Pasaka. Niliposema umetoka ng'ambo, hata Priscah alinyamaza.

Sasa naogopa. Nimemaliza kidato cha pili mwezi uliopita, na Mwalimu Cephas ndiye mkuu wa shule ya msingi. Amenitaja kwa kamati, nishike watoto wa darasa la kwanza shule ikifunguliwa. Nikikosa, Baba atanipeleka kwa shangazi yangu huko Macalder nikachekeche mchanga wa dhahabu, mgongo umepinda kutwa. Mwalimu amesema kwa mtu wa kushika watoto wadogo anataka jambo moja tu. Asiwe mwongo.

Alhamisi, 19 Desemba

Mwalimu anataka ubeti wa pili. Nilimwambia redio ilikwaruza. Akasema hakuna shida, jioni atakuja asikilize mwenyewe. 

Mpango: redio bila mawe yake ya betri haisemi. Mama alipokwenda shambani nilitoa yale mawe mawili, nikayazika ndani ya chungu cha unga wa mtama. Hatari tupu. Redio hiyo Baba aliinunua kwa malipo yake ya mwisho, mgodi wa Macalder ulipofungwa. Anaifuta vumbi kila siku. Viatu vyake hafuti.

Jioni Baba alitafuta mawe kila mahali. Akamlaumu mbuzi.  Mwalimu alifungua tochi yake, akatoa mawe yake, akayatia kwenye redio. Ikasema!

Tukasikiliza. Bei ya pamba. Matangazo ya vifo. Muziki wa dansi. Habari za watu watatu wanaojiandaa kurushwa kwenda kuuzunguka mwezi. Kila wimbo ulipoanza Mwalimu aliinua kidole na kunitazama. Nikatikisa kichwa. Shingo inaniuma hadi sasa. Mwishowe nikasema wimbo ule huja alfajiri, watu wa huku wakiwa wamelala. Akasema ni kweli, huko ng'ambo saa zao ni tofauti na zetu. Mtu mwema kama huyu, na ananisaidia kumdanganya!

Mama aliposonga ugali alikuta jiwe la redio ndani ya unga. Aliliosha, akaliweka mbele yangu kando ya sahani. Hakuuliza. Afadhali angeuliza.

Jumapili, 22 Desemba

Mazoezi baada ya ibada. Tuliimba ubeti wa kwanza:

Dunia yetu ni boma moja,
lango ni moja, moto ni mmoja;
wa mbali na wa karibu, ingieni,
chungu kimetelekwa jikoni.

Priscah akainua mkono. 

"Phelesia, hao watu wa ng'ambo nao wanakaa kwenye boma?"

Nikasema wana watafsiri.

"Basi mtafsiri wao ni mtu wa Kosele."

Kwaya nzima ilicheka. Mwalimu hakucheka. Alinitazama kwa namna ya mtu anayetaka kuuliza swali. Nikaona Macalder. Nikaona mto, karai, mgongo wa shangazi. Nikaukamata ubeti wa pili kama mtu anayezama. Nikasema alfajiri ya leo umesikika wote, na unataja mahali watu wanapoishi. Ulaya, Asia, Amerika. Na Rusinga.

Priscah alizaliwa Rusinga. Alishika kifua.

"Rusinga yetu? Hii ya hapa?"

"Hii ya hapa."

Hakuuliza tena. Alikaa chini taratibu kama mtu aliyepewa mtoto ampakate. Kumbe dawa ni hiyo!

Lakini dawa ikamwagika. Ryoba, Mkuria anayenunua ngozi za ng'ombe hapa sokoni na kutuimbia besi, akauliza kwa upole kama walipopita Rusinga hawakufika na Migori. Ningesema nini? Nikasema walifika. Teresa akauliza Kendu Bay. Walifika. Dishon akataka kujua kama walitaja boma la mjomba wake, kwa kuwa ni kubwa na linaonekana kutoka barabarani. Nikasema redio ilikwaruza hapo, lakini ilisikika kama ndilo.

Mwalimu Cephas alitoa kitambaa akafuta macho. Alisema hakujua kuwa huko wanatujua hivi.

Jumatano, 25 Desemba. Krismasi.

Redio imesema wale watu watatu sasa wanauzunguka mwezi, na wakitazama nyuma wanaiona dunia ikielea peke yake, ndogo. Baba aliuliza ndogo kama nini. Redio haikumjibu. Nilitoka nje nikatazama juu muda mrefu. Niliwaza kwamba kama ni ndogo hivyo basi wimbo wangu ni kweli, ila mimi ndiye mwongo. Halafu niliwaza kwamba labda huko juu wanaona kila kitu. Nikaingia ndani.

Baba amewaambia majirani kuwa wimbo wetu umetoka mwezini. Sikumsahihisha. Ni Krismasi.

Baada ya ibada Mwalimu alinivuta kando akiwa na furaha tele. Mwamuzi wa Homa Bay amejulikana. Ni Bi Marcella, mama wa Kisumu aliyewahi kusafiri hadi Amerika, akaingia katika ukumbi wenyewe wa mataifa, akaketi humo, akawasikia. Mwalimu alisema, "Nyathina, ataufurahia sana kuusikia tena." Mwanangu, aliniita. Mwanangu!

Tulichinja kuku. Kipande changu nilimpa Baba.

Jumamosi, 28 Desemba

Mpango wa pili: kuugua. Usiku wa jana nililala na leso iliyoloweshwa maji ya baridi shingoni ili sauti ipotee. Sauti imekuja safi kuliko siku zote. Katika mazoezi Mwalimu aligeuka kuuliza ni nani huyo. Sasa nimepewa kuimba ubeti wa pili peke yangu, mbele ya Bi Marcella. Priscah hajakasirika. Ameniambia tu nivute pumzi kabla ya Rusinga, na nisiipite mbio kama watu wanavyoipita Ulaya.

Jumatano, 1 Januari 1969

Niandike kabla ya kulala, maana nikilala nitajifanya siku hii haikuwapo.

Lori la pamba lilitufikisha Homa Bay asubuhi. Uwanja umejaa. Watu wa visiwani, watu wa mpakani, wazee na viti vyao vya kukunja. Bi Marcella alikuwa kwenye meza ya waamuzi, kofia nyeupe, miwani, kengele mbele yake. Alikaa wima kama mtu anayepigwa picha.

Ubeti wa kwanza ulikwenda. Ukaja wangu. Ulaya, Asia, Amerika. Nikavuta pumzi. Rusinga! Watu wa Rusinga wakapiga makofi. Migori! Makofi. Kendu Bay...

Mzee mmoja akasimama, fimbo juu. Alitembea hadi mbele akatupa sarafu miguuni pangu.

"Isimamisheni dunia hapo kidogo," akasema.

Huku kwetu mpiga nyatiti, kinanda chetu cha nyuzi, husimamishwa hivyo. Mtu akitaka kujisifu hutupa sarafu, muziki unakatika, anataja ukoo wake na wakwe zake, kisha muziki unaendelea. Kukataa kusimama ni kumtukana. Kwa hiyo kwaya ikasimama. Tungefanyaje?

"Mimi Jared wa Kendu Bay," mzee akasema, "mkwe wa watu wa Gem, mwenye fahali asiyefungwa kamba. Leo dunia imenitaja. Endeleeni."

Hatukuendelea. Mtu wa Rusinga alisimama kusema kwamba Rusinga ilitajwa kwanza. Sarafu. Mama mmoja akamsifu mume wake aliyekaa kando yake akificha uso. Sarafu. Ryoba aliacha besi, akatoka katikati ya kwaya, akajisifu kwa Kikuria, kwa urefu, na akajipigia makofi mwenyewe kwa sababu hakuna aliyeelewa. Halafu mtu wa Karungu akasimama. Huyu hakuwa na sarafu. Alikuwa na hasira.

"Kama Karungu haimo duniani," akauliza, "iko wapi?"

Mzee Jared alimjibu aende akaiulize redio. Wakashikana mashati. Nyuma yao watu walianza kuhesabiana vijiji. Mimi nilikuwa bado mbele, mdomo wazi, nikiwa nimebakiza mistari miwili ya umoja wa wanadamu. Niliiimba. Sidhani kuna aliyesikia.

Kengele ililia. Bi Marcella akasimama, na uwanja ukatulia. Mwalimu Cephas, mkono kifuani, akamwomba awaambie watu kama wimbo huu anautambua.

Nilitazama chini. Kulikuwa na sisimizi mmoja karibu na kidole changu cha mguu. Nilimwonea wivu.

 Jibu lilipochelewa nikainua macho. Bi Marcella alikuwa ananitazama, na nikaona kitu ambacho nakijua vizuri sana kwa sababu ninacho mwenyewe. Alikuwa anaogopa! Watu wote wale walikuwa wanamngoja yeye, aliyefika huko, aseme.

"Naujua," akasema. "Nimeusikia kwa masikio yangu, ndani ya ukumbi. Una beti saba. Watu husimama ukiimbwa."

Uwanja mzima ukasimama. Mtu wa Karungu alimwachia Mzee Jared shati.

"Ila kule," akaongeza, akiketi, "hawasimamishi katikati."

Tumekuwa wa mwisho, kwa kupitisha muda. Mwalimu Cephas hajali hata kidogo. Njia yote ya kurudi alikuwa anarudia maneno hayo. Kwa masikio yangu, ndani ya ukumbi.

Ijumaa, 3 Januari

Niliamka nimeamua kumwambia Mwalimu kweli yote. Nilijisemesha njiani: Mwalimu, nimekosa. Nilifika mlangoni. Kabla sijafungua mdomo alisema kamati imekubali. Darasa la kwanza ni langu. Alisema walipouliza mimi ni mtu wa namna gani, aliwajibu kwamba niliamka kila alfajiri kwa ajili ya kwaya, na nililolisikia ndilo nililoleta, wala sikuongeza langu.

Nikasema asante. 

Sokoni nilikutana na Priscah akinunua omena, dagaa wetu wa ziwani. Alisema, bila kuniangalia, kwamba alijua tangu neno boma.  Akasema nisitetemeke kama kifaranga, hatasema. Mama yake amelia kwa furaha mbele ya ndugu za mume wa Priscah, na hatakuwa yeye wa kuitoa Rusinga duniani. Nilimshukuru. Akaniambia nimlipie omena. Nililipa.

Nimeapa. Hakuna uwongo tena. Kuanzia leo nitasema niliyoyaona na niliyoyasikia, basi.

Jumatatu, 6 Januari

Leo gari jeupe limesimama langoni petu. Bi Marcella! Peke yake, bila kofia. Nilidhani amekuja kunishtaki. Nilijificha nyuma ya ghala, Mama akaja akanitoa kwa mkono.

Aliomba maji. Akasifu kuku wetu. Alimngoja Mama aende kuchukua viazi, ndipo akasogeza kiti. Alisema watu wa Homa Bay wamemwomba awafundishe wimbo ule wote, kwa sababu yeye aliusikia. Pasaka watauimba mbele ya wageni. Alizungusha kikombe mkononi.

"Zile beti nyingine, mwanangu. Nimezisahau kidogo."

Nilikuwa nimeapa. Ijumaa tu nilikuwa nimeapa! Nilivuta pumzi niseme hakuna beti nyingine, hakuna wimbo, kuna jiko tu na mboga. Alikuwa bado anakizungusha kikombe, maji yanamwagika.

"Ziko tisa," nikasema.

"Tisa? Mimi niliwaambia watu saba."

"Basi saba."

Akapumua. Na mimi nikapumua. Tulitazamana kama watu wawili waliovuka mto. Nilimwahidi atazipata zote kabla ya mwisho wa mwezi, redio ikiwa haikwaruzi. Na Karungu itakuwamo. Alinishika bega. Akainuka, akafika kwenye gari, kisha akarudi. Aliuliza, kama mtu anayeuliza njia tu, iwapo katika kusikiliza kwangu sijawahi kusikia wimbo wa maziwa yote ya dunia, kwa kuwa watu wa ufuoni wangeupenda sana.

Hapana ni neno fupi. Hata mtoto wa darasa la kwanza analiweza.

Nilisema upo, na unaanza na ziwa letu.

Sasa ni jioni, mboga ziko mbele yangu hazijachambuliwa, na nimeshapata mstari wa kwanza. Ni mzuri. Naogopa sana. Wewe uliyesoma hadi hapa, nakuomba, usimwambie mtu. Hasa Mwalimu.